Kilomita Ishirini kwa Saa

Gari ni la mgodi. Dizeli ni ya mgodi.
Kibali cha kupanda, chenye muhuri wa kondori,
ni cha wizara.
Nguzo za kupimia, zenye alama kila sentimita kumi,
ni za chuo kikuu cha pwani.
Mimi ni wa nani, sijui.
Jina langu, Eleuterio Campillay, halimo
katika mkataba wao wa kurasa sitini na mbili.

Tunaondoka saa kumi alfajiri,
kabla jua la Andes halijalainisha theluji.
Nyuma wamekaa watatu waliotia sahihi,
magoti yakigusana kwa lazima:
Injinia Ossandón wa mgodi, buti mpya;
Bi Tirapegui wa wizara, anayenyonya peremende
ili mwinuko usimtapishe mbele ya watu;
na Daktari Yasna Huanchicay, binti wa wakulima wa zabibu,
aliyebatizwa bondeni kwa maji ya barafu hii hii.

Juu, kwenye mita elfu nne na mia nane,
mwaka wa kwanza niliikuta nyeupe, inaumiza macho.
Sasa ina rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Yasna anapiga magoti, anasoma.
Ossandón anaandika. Bi Tirapegui anahakiki.
Namba inapita mikono mitatu
kama ndoo kwenye nyumba inayoungua.
"Nguzo ya saba: mita moja na sentimita arobaini nje."
Baada ya hapo ni upepo tu.

Ugomvi ulikuja chini, mezani, juu ya sentensi moja:
*Theluthi ya vumbi lililo juu ya barafu
imetoka kwenye barabara ya mgodi.*
Ossandón aliomba liondolewe neno moja tu, la mwisho.
Barabara ibaki barabara, isiyo na baba.
Akasema fedha za mwaka ujao hazijapitishwa.
Alisema taratibu, akiitazama thermosi.
Mkono mtupu haulambwi: kila mtu pale alilijua hilo,
na Bi Tirapegui alizungusha kalamu yake
hadi kifuniko kikaanguka.
"Mficha uchi hazai, Injinia," alisema Yasna.
"Uliniita nipime. Nimepima."

Mimi nilikuwa mlangoni na funguo,
na aibu ikanishika mimi, si wao.
Maana barabara ni nani?
Barabara haitimui vumbi. Imelala tu.
Ni magurudumu. Ni mimi na wenzangu arobaini wa zamu mbili.
Ni mimi niliyewapandisha hao wapimaji kwa kasi ya sitini
ili tuwahi,
huku kwenye kioo wingu jekundu likinyanyuka,
likikata kona bila breki, likitupita.
Tulipofika barafuni
vumbi langu lilikuwa limekwisha kutangulia,
limekaa, linasubiri kupimwa.

Sijui sentensi ile iliishaje.
Nasikia ipo, ukurasa wa mia na kumi, herufi ndogo, neno halikutoka.
Nasikia pia Ossandón amehamishiwa bandarini,
na kwamba ni yeye mwenyewe aliyeomba.
Limeletwa lori la kumwagia barabara maji.
Jumapili halifanyi kazi.
Maji linayomwaga linayachota mtoni, na hilo nalo
Yasna ameliandika kwenye daftari lake.

Leo nashuka na sanduku:
vipande tisa vya barafu vilivyoviringishwa kama mayai.
Yasna amesinzia, shavu juu ya kifuniko.
Naendesha ishirini kwa saa.
Kwenye kioo naiona kilele, mara ya kwanza
bila pazia.
Redio inakwaruza: "Campillay, umekwama wapi?"
"Sijakwama. Nimebeba maji ya watu."
Kimya.
Kisha: "Rudia."